Walimu wa Mwenye Duka

Mwera iko kusini mwa Mto Pangani. Anayetoka mjini Pangani hupanda kivuko hadi Bweni, kisha hushika njia ya Mkwaja na Saadani, na baada ya mwendo minazi huupisha mkonge. Zao hilo lilianzia pande hizi. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche hiyo mkonge ukaenea pwani yote ya Tanga, Mwera ikiwemo. Mashamba yakaita manamba kutoka bara, na nyuma ya manamba akaja mwenye duka.

Duka la Mhindi wa shambani liliuza unga, chumvi, mafuta ya taa, kaniki na sigara, kwa fedha mkononi au kwa daftari hadi siku ya mshahara. Katika maduka mengi ya namna hiyo, mteja aliyeinua macho juu ya rafu ya viberiti na sabuni aliona picha ya mzee mwenye kilemba cheupe na fimbo, na mbele yake kijiti cha udi kilichowashwa asubuhi kabla mizani haijaguswa. Mwenye duka alijulikana kwa jina, kwa bei zake na kwa ukali wake wa kudai. Mzee wa kwenye picha hakujulikana, na waliouliza habari zake walikuwa wachache.

Methali yetu ya Baniani mbaya na kiatu chake ndiyo imebeba karibu yote tunayoyasema juu ya jirani huyu, nayo inamtazama kwa jicho la faida na hasara tu. Tumekaa naye karne mbili, tukala viungo vyake, tukavaa nguo zake, tukajenga kwa mafundi wake, na bado hatuwajui walimu wake. Kwa nini hakula nyama hata alipokuwa na fedha ya kununulia? Kwa nini aliandika kila senti, hata aliyomkopesha ndugu yake? Kwa nini siku fulani za mwaka alipika masufuria makubwa na kuwalisha watu asiowajua? Kila swali hapa lina jina la mwalimu nyuma yake, na sura hii inawafuata walimu hao hadi ufuko wa Mrima.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu kuelewa uhusiano wa Mhindu na guru wake. Anayejua habari za Kadiria na Shadhilia anajua namna elimu inavyopita kutoka kwa sheikh hadi kwa muridi, na namna muridi anavyotaja silsila yake hadi juu. Kwa Wahindu mlolongo huo huitwa parampara. Tofauti kubwa ni kwamba hakuna makao makuu yanayomthibitisha guru, wala kitabu kimoja kinachowafunga wote. Mtu hufuatwa kwa sababu watu wamemwona na wamemwamini. Wapo wanaomheshimu guru kama mwalimu tu, na wapo wanaoamini kwamba ndani yake Mungu mwenyewe amekubali kuonekana. Imani hiyo ya pili imeleta mazuri makubwa na maovu makubwa, na yote mawili yatatokea mbele.

Walimu wa kwanza kufika Pangani walifika vifuani mwa makarani wa forodha. Seyyid Said bin Sultan alikodisha ushuru wa Zanzibar na bandari za Mrima kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia, yaani mtu wa tabaka la wafanyabiashara wa Kutch, India, na nyumba hiyo ikaushika ushuru kwa miongo mingi. Jairam aliporudi India, shughuli zilisimamiwa na Ladha Damji hadi alipofariki mwaka 1871. Katika kila bandari yenye pembe za ndovu alikaa Baniani wa forodha. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Pangani Februari 1857, wakiwa njiani kwenda Fuga kwa Sultani Kimweri, waliwakuta Mabaniani hao wamekwisha kuwa sehemu ya mji, wakinunua pembe zilizoshuka kutoka bara. Wake zao waliwaacha Kutch. Walijipikia wenyewe, waliwachoma maiti wao, na baada ya miaka kadhaa walirudi kwao kwa jahazi, ndugu au binamu akashika kiti.

Wabhatia wengi walimfuata Vallabhacharya, aliyeishi kati ya 1479 na 1531. Wakati ambapo wacha Mungu wengi wa India walihubiri kuiacha dunia, yeye alihubiri kubaki nyumbani. Mungu, kwa sura ya Krishna, atunzwe kama mtoto aliye ndani ya nyumba: aamshwe asubuhi, aogeshwe, avishwe, alishwe chakula kizuri kuliko cha mwenye nyumba, aimbiwe alale. Mali si dhambi ikiwa imewekwa kwanza mbele yake. Anayeingia katika njia hiyo huapa kumkabidhi Krishna mwili, moyo na mali, kisha hurudi kwenye kazi yake. Kwa mtu aliyekaa peke yake Pangani, mbali na mkewe na mbali na hekalu, mafundisho haya yalikuwa na nguvu ya pekee, kwa kuwa ibada yote ilitosha katika chumba cha nyuma ya ghala. Kichungi cha maji, sufuria safi na picha ndogo ya Krishna vilimtosha.

Vallabha alikuwa na mke na watoto, na uongozi ukarithiwa katika ukoo wake. Wajukuu saba wakawa nyumba saba za magwiji wa njia hiyo, walioitwa Maharaj. Sanamu tukufu ya Shrinathji, yaani Krishna, ilihamishwa kutoka vilima vya Govardhan ikafikishwa Nathdwara, Rajasthan, mwaka 1672, na huko ndiko moyo wa mfanyabiashara Mbhatia ulikoelekea. Kadiri biashara ya Bombay ilivyokua, wafuasi walijitoza sehemu ndogo katika bidhaa walizouza, sehemu iliyokwenda kwa Maharaj. Guru akawa na fungu lake ndani ya bei.

Hapo ndipo uozo ulipoingilia. Oktoba 1860 mwandishi kijana wa Bombay, Karsandas Mulji, mhariri wa gazeti la Satya Prakash na mwenyewe mtoto wa njia hiyo hiyo, aliandika kwamba baadhi ya Maharaj walikuwa wakitumia kiapo cha kukabidhi mwili, moyo na mali kuwaingilia wake na mabinti wa wafuasi wao. Alimtaja Jadunathji Maharaj. Wakubwa wa jumuiya ya Wabhatia walikutana na kukubaliana kwamba yeyote atakayetoa ushahidi dhidi ya Maharaj atatengwa. Makubaliano hayo yenyewe yakawafikisha mahakamani mwaka 1861, wakatozwa faini. Jadunathji akamshitaki Karsandas kwa kumchafulia jina, akidai rupia 50,000. Kesi ilisikilizwa Bombay kuanzia Januari 1862. Madaktari, akiwemo Bhau Daji aliyeheshimiwa na mji mzima, walisimama kueleza kwamba walimtibu Maharaj kwa maradhi ya zinaa. Aprili mwaka huo mahakama ilimpa ushindi Karsandas.

Kila musimu wa kaskazi majahazi ya Kutch na Bombay yaliteremka Zanzibar na barua, magazeti na maneno ya mdomo, na walioshitakiwa kwa kula njama walikuwa ndugu wa tabaka la wenye forodha yetu. Siamini kwamba habari hii haikuzungumzwa barazani Zanzibar na Pangani. Naitaja kwa urefu kwa sababu vitabu vingi vya walimu wa kiroho huandikwa na wafuasi, na wafuasi huficha. Karsandas alitengwa na jamaa zake na alifariki mwaka 1871 akiwa hajafika miaka 40. Kwangu yeye ana nafasi katika historia ya magwiji ingawa hakuwa guru, kwa kuwa alisema kwamba mwalimu naye hupimwa kwa mafundisho anayoyatoa.

Miaka michache baadaye Dayananda Saraswati, mzaliwa wa Tankara katika rasi ya Kathiawar, alifika Bombay akiwashambulia Maharaj hao hao kwa ulimi mkali zaidi. Alikataa sanamu, alikataa urithi wa uguru, alitaka wasichana wasome, na mwaka 1875 akaanzisha Arya Samaj. Jumuiya hiyo ilifunguliwa Nairobi mwaka 1903, mji ukiwa bado mahema na mabati ya reli, na shule zake zilisomesha watoto wengi wa Kihindi wa Afrika Mashariki. Maduka ya pwani hayakumfuata sana. Pwani ilibaki na walimu wa Gujarat na Kutch waliokaa karibu zaidi na maisha ya mchuuzi na fundi.

Wa kwanza kati ya hao ni Sahajanand Swami, anayeitwa na wafuasi wake Swaminarayan. Alizaliwa Chhapaiya, karibu na Ayodhya, mwaka 1781. Akiwa na miaka 11 aliondoka nyumbani baada ya kufiwa na wazazi, akazunguka India kwa miguu miaka saba, na mwaka 1799 akafika Loj, Gujarat. Alipokuwa na miaka 21 hivi alikuwa tayari kiongozi wa kundi la watawa. Nchi wakati huo ilikuwa imechoka kwa ujambazi, njaa na vita vya watawala wadogo. Watawa wake walichimba visima na mabwawa na kugawa chakula wakati wa njaa kubwa ya 1813. Aliwapokea mafundi seremala, waashi na wakulima, watu ambao magwiji wengi waliwaweka mlangoni. Wakati huo huo aliweka ukali uliowashangaza watu: mtawa wake asiguse fedha, asizungumze na mwanamke. Askofu Reginald Heber wa Kanisa la Uingereza alikutana naye mwaka 1825, kila mmoja akiwa na wapanda farasi wake wenye silaha, na wakaachana bila kukubaliana juu ya Mungu.

Mwaka 1826 Sahajanand aliandika kitabu kidogo cha beti 212 kiitwacho Shikshapatri, waraka wa maelekezo kwa wafuasi. Nakala aliyompa Sir John Malcolm, gavana wa Bombay, mwaka 1830 ipo hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford. Anayekisoma akitafuta siri za mbinguni atakuta mambo ya jikoni na dukani. Kinaelekeza maji na maziwa yachujwe kabla ya kunywewa. Kinakataza nyama, pombe, wizi, kamari na rushwa. Halafu kinaingia kwenye hesabu: usifanye biashara ya fedha wala ardhi bila maandishi na mashahidi, hata na mwanao, hata na rafiki yako. Usitumie kuliko unachopata. Andika kila siku, kwa mwandiko wako unaosomeka, kilichoingia na kilichotoka. Toa sehemu ya kumi ya pato, na asiyeweza atoe sehemu ya ishirini. Mwajiri amlipe kibarua ujira waliokubaliana, asiufiche wala asiupunguze.

Kwa hiyo lile daftari la deni lililomchukiza manamba wa Mwera kila mwisho wa mwezi lilikuwa, kwa mfuasi wa Swaminarayan, sehemu ya dini yake. Hata wale wasiomfuata yeye waliufungua mwaka wa hesabu kwa ibada. Usiku wa Diwali vitabu vipya vya biashara viliwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, ukurasa wa kwanza ukaandikwa jina la mungu Ganesha na maneno ya kuomba baraka na faida, na ndipo biashara ya mwaka ikaanza. Simaanishi kwamba kila daftari lilikuwa la haki. Mashamba ya mkonge yalikuwa na deni la dhuluma, na kipengele kile cha ujira kilikuwa pale pale katika waraka, dhahiri kwa kila aliyeusoma.

Kutch ilimpokea Sahajanand mapema, na hekalu la Bhuj lilifunguliwa mwaka 1823. Wapatel wa Kutch, waashi na wakulima, ndio waliokuja baadaye kujenga kwa mawe Mombasa, Nairobi na Zanzibar. Tetemeko la Januari 26, 2001 lilipolivunja hekalu lile la Bhuj, jipya lilijengwa na kufunguliwa mwaka 2010, na sehemu kubwa ya michango ilitoka kwa wajukuu wa mafundi hao walioko Kenya na Uingereza.

Mzee wa kilemba na fimbo ni mwingine. Ni Jalaram wa Virpur, mtakatifu wa Walohana, tabaka la wafanyabiashara waliojaa madukani kutoka Zanzibar hadi Uganda. Alizaliwa mwaka 1799 katika nyumba ya mchuuzi, na baba alitaka mwana ashike duka. Mwana akawa anagawa bidhaa kwa wapita njia. Alimpata guru wake, Bhoja Bhagat wa Fatehpur, mkulima mtunzi wa nyimbo, na kwa baraka yake, mwaka 1820, akiwa na mkewe Virbai, alifungua nyumba ya chakula. Walifanya kazi ya kuvuna katika mashamba ya watu, wakalipwa nafaka, wakapika, na yeyote aliyepita akala bila kuulizwa tabaka wala dini. Simulizi za Virpur zinamtaja mfanyabiashara Mwislamu aitwaye Jamal, ambaye mwanawe alipona baada ya Jalaram kumwombea, akarudi na nafaka za kulishia watu.

Lipo pia simulizi la majaribu. Mzee mmoja mgonjwa alifika akaomba apewe Virbai amuuguze. Jalaram alimwuliza mkewe, naye akakubali, wakaondoka. Porini mzee akamwachia Virbai fimbo na mfuko wake, akatoweka, na wafuasi huamini kwamba alikuwa Mungu mwenyewe. Fimbo na mfuko huonyeshwa Virpur mpaka leo. Simulizi hili hunisumbua, kwa kuwa mke anaombwa kama kitu cha nyumbani, na hata kuulizwa kwake hakuliondoi hilo. Lakini wanawake wa Kilohana wanaolisimulia huuweka uzito wake kwa Virbai: ndiye aliyekubali, ndiye aliyekwenda, ndiye aliyerudi na fimbo.

Jalaram alifariki mwaka 1881. Jiko halikuzimwa. Tangu mwaka 2000 hekalu la Virpur limekataa kupokea sadaka yoyote, na bado linalisha kila anayefika. Siku yake ya kuzaliwa, siku chache baada ya Diwali, Walohana popote walipo hupika na kugawa. Mzee wa picha ile alikuwa mwana wa mwenye duka aliyeshindwa kuuza. Wachuuzi wa pwani hii walimchagua yeye kuwa mlinzi wao, na nafikiri uchaguzi huo unaeleza mengi juu yao kuliko methali yoyote.

Walohana wana ndugu wengine pwani hii ambao hatuwaiti Wahindu. Makhoja ni, kwa asili, Walohana walioitikia mahubiri ya Pir Sadruddin karne nyingi zilizopita, naye alihubiri kwa mashairi ya kuimbwa yaliyotumia lugha ya magwiji na majina ya Kihindu kuwaleta watu kwa Ali. Tharia Topan, Khoja wa Kutch, ndiye aliyeshika forodha ya Zanzibar katika miaka ya 1870 baada ya nyumba ya Wabhatia. Mpaka kati ya Baniani na Khoja, ambao kwa mteja wa Pangani ulionekana kwenye sahani ya nyama tu, uliwekwa na mwalimu mmoja msafiri.

Sasa lipo swali lililochelewa: kwa nini walimu wenyewe hawakuja? Bahari ndiyo sababu. Kwa desturi ya zamani Mhindu wa tabaka la juu aliyevuka maji ya chumvi alipoteza usafi wake. Wafanyabiashara wa Kutch walikwisha kulitafutia jambo hilo njia, wakisafishwa kwa ibada waliporudi. Mtawa hakuwa na nafasi hiyo. Chakula chake, maji yake ya kuoga na mikono iliyompikia vilikuwa nguzo za nadhiri yake, na ndani ya jahazi hakuna kimojawapo kinachodhibitika.

Yupo hata hivyo aliyevuka mapema. Mehraj Thakur, mzaliwa wa Jamnagar mwaka 1618, alitumwa Uarabuni na guru wake Devchandra akiwa kijana, na baadaye, akiitwa Prannath, alihubiri kwa wafanyabiashara wa Kihindu waliokaa Maskati na Bandar Abbas. Kutoka Maskati hiyo Wareno walifukuzwa na Waomani mwaka 1650, na Waomani hao hao wakaitwaa Mombasa mwaka 1698, miaka minne baada ya Prannath kufariki. Alisoma Kurani pamoja na vitabu vya Kihindu akasema vyote vinaleta habari moja, na maandiko yake yamejaa maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kisindhi na Kigujarati. Kama musimu ungemchukua mbele kidogo, angeshuka Mrima. Hakushuka, lakini mafunzo yake yalipita kwa njia nyingine. Putlibai, mama yake Mohandas Gandhi, alitoka katika familia ya wafuasi wa Prannath. Mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipopandwa Kikogwe, Gandhi, wakili wa miaka 23, alipita Lamu na Mombasa na akakaa Zanzibar zaidi ya wiki moja akisubiri meli ya kusini.

Watawa walitanguliwa na barua. Katika miaka ya 1920 na 1930 walikuja Afrika Mashariki makarani na wafanyakazi wa reli kutoka Gujarat ambao guru wao alikuwa Shastriji Maharaj, mwanzilishi wa tawi la Swaminarayan liitwalo BAPS. Wawili kati yao, Harmanbhai Patel na Maganbhai Patel, waliwakusanya wenzao kando ya reli ya Kenya na Uganda. Kutoka India mtawa mmoja, Nirgundas Swami, aliwaandikia barua ndefu zilizosomwa kwa sauti mkutanoni, zikanakiliwa, zikapelekwa kwa treni kituo kinachofuata. Shastriji alifariki mwaka 1951 bila kuiona Afrika. Guru aliyewafundisha watu wa Mombasa na Kampala kwa robo karne alikuwa kwao mwandiko.

Milango ya bahari ilifunguka baada ya vita vya pili vya dunia. Muktajivandas Swami wa Maninagar alikuja mwaka 1948. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj, mrithi wa Shastriji, mzee mwembamba mwenye kicheko cha mtoto, aliteremka Mombasa na kufungua hekalu ambalo kwa BAPS lilikuwa la kwanza nje ya India. Alirudi mwaka 1960 kufungua mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo, na tena mwaka 1970. Sathya Sai Baba, guru wa Puttaparthi mwenye nywele nyingi na mamilioni ya wafuasi, alikuja Kenya na Uganda mwaka 1968. Alifariki mwaka 2011 bila kufanya safari nyingine nje ya India. Morari Bapu, msimulizi wa Ramayana ya Tulsidas, alisimulia Nairobi mwaka 1976, mara yake ya kwanza ugenini.

Walipokuja, hata hivyo, wafuasi walikuwa wanaanza kuondoka. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa ya 1964, Azimio la Arusha 1967, na sheria ya kutaifisha majumba 1971. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Maduka ya mashambani Tanga yalifungwa moja moja. Picha ya Jalaram ilifungashwa ikapelekwa Leicester na London, na Yogiji mwenyewe, alipotoka Nairobi mwaka 1970, alikwenda London kufungua hekalu la kwanza huko kwa ajili ya watu hao hao. Hekalu kubwa la marumaru la Neasden, lililofunguliwa na Pramukh Swami, mrithi wa Yogiji, Agosti 1995, lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa jasho na fedha za watu waliozaliwa Afrika Mashariki. Nairobi ilipata hekalu lake la mawe ya kuchongwa mwaka 1999.

Katika ziara zote hizo mahubiri yalikuwa kwa Kigujarati au Kihindi, na wasikilizaji walikuwa Wahindi. Mlinzi wa mlangoni, mpishi na dereva walisikia sauti kwa mbali. Walimu hawa walitangaza kwamba roho haina tabaka wala rangi, na baadhi walilipa gharama kwa kusema hivyo kwao, lakini waliposhuka kwetu wengi walikaa ndani ya mipaka iliyowekwa na wenyeji wao. Nalisema kwa masikitiko, kwa sababu nafasi ilikuwepo. Watu wa pwani hawaogopi mtu wa Mungu mgeni. Wangekuja kusikiliza.

Mmoja alilidai jambo hilo wazi. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mzaliwa wa Calcutta mwaka 1896, aliyeanzisha jumuiya ya Hare Krishna New York mwaka 1966, alikuja Mombasa na Nairobi mwaka 1971. Wahindi walimpokea kwa heshima na kumwalika majumbani. Yeye akawaambia wanafunzi wake, wengi wao vijana wa Kimarekani wakiongozwa na Brahmananda, kwamba kazi yao Afrika ni kwa Waafrika. Palikuwa na hekalu la Radha na Krishna katikati ya Nairobi, kwenye mtaa wa Waafrika, ambalo Wahindi walikuwa wakiingia kusali kisha wanarudi kwao. Prabhupada aliagiza milango yake ifunguliwe wazi kwa yeyote apitaye. Ngoma na matari vikaanza, wapita njia wakachungulia, wakaingia, na baada ya muda ukumbi ukajaa vijana, wachuuzi na watoto wa mitaani, wakiimba jina la Krishna na kunyoosha mikono kupokea chakula kilichobarikiwa. Brahmananda aliendelea na kazi hiyo Kenya baada ya mwalimu wake kuondoka, na miongoni mwa waliopokea mafunzo kwa mlolongo huo walikuwamo Waafrika, wakapewa majina ya Kihindu na shanga za kuhesabia dua.